UZI: Chupa na madumu ya maji ya kutumia tena, ipi uchukue na ipi uache (Tabora na Kigoma)

Mtemi wa Cheyo (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Jua la Septemba na Oktoba huku Unyamwezini halina huruma, na kila anayekwenda shambani, shuleni au stesheni ana chupa mkononi. Wengi wakinunua chupa mpya wanatafuta kibandiko cha "haina BPA" (kemikali ya baadhi ya plastiki ngumu, nitaieleza chini), wakikiona wanalipa. Kibandiko hicho kinajibu swali dogo kuliko yote. Kabla yake kuna matatu mazito zaidi: chombo kilibeba nini kabla ya maji, kinaosheka mpaka ndani, na kitawekewa kitu cha moto au cha mafuta? Aina ya plastiki inakuja baada ya hapo. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lenye mkanganyiko, mengine wadau watashuka nayo humu.

Geuza chupa utazame kitako. Utaona pembetatu ya mishale yenye namba kati ya 1 na 7. Namba hizi zilibuniwa Marekani mwaka 1988 na chama cha viwanda vya plastiki ili wachambuaji wa taka wajue plastiki ipi iende na ipi. Hazisemi kitu ni salama au si salama, zinasema kimetengenezwa kwa nini.

Namba 1 ni PET: chupa za maji ya dukani, soda na juisi. Haina BPA na haihitaji vilainishi. Adui yake ni joto. Huanza kulegea kwenye nyuzi 70 hivi, ndiyo maana ukimimina maji ya moto inajikunja mbele ya macho yako. Katika kuitengeneza hutumika madini yaitwayo antimoni, na kadiri joto linavyopanda antimoni hiyo inatoka na kuingia kwenye maji. Watafiti wa Arizona walitoa vipimo vyao mwaka 2008: kwenye nyuzi 65, maji yalihitaji siku 38 kuvuka kikomo cha Marekani cha mikrogramu 6 kwa lita, kwenye nyuzi 80, siku 2.3 zilitosha. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 20. Maana yake, chupa ya maji iliyopigwa na jua mchana mmoja haijageuka sumu, lakini katoni iliyokaa wiki kadhaa juu ya bati la duka au nyuma ya kioo cha gari si ya kununua.

PET nayo ni nyembamba na laini. Ukiitumia tena na tena inajaa mikwaruzo ndani na uzi wa kifuniko unasagika. Kwa maji ya baridi itumie siku chache, ikipoteza mng'aro au ikianza kunuka, itoe.

Namba 2 ni HDPE, dumu la njano la lita 20 na vidumu vya maziwa. Ni plastiki tulivu sana kwa maji. Namba 5 ni PP, ngumu kidogo, haipitishi mwanga vizuri, hutumika kwenye vifuniko, vyombo vya chakula na chupa nyingi za watoto wa shule. Inavumilia joto kuliko zote tatu, ila kuvumilia bila kuyeyuka na kutomwaga kitu ni mambo mawili tofauti. Nitamwachia anayejua masuala ya watoto alieleze hilo.

Namba 3 ni PVC. Ikiwa laini, kama mpira wa kunyonyea maji unaoonyesha ndani, imelainishwa kwa thalati, kemikali zinazovuruga homoni na zinazopenda mafuta. Usiifanye chombo cha kinywaji. Namba 6, ile ya vikombe vyepesi vyeupe vya chai ya mtaani, hutoa kemikali iitwayo staireni ikikutana na moto na mafuta. Namba 4 ni ya mifuko, haituhusu sana.

Namba 7 ndiyo yenye kelele. Maana yake ni "nyinginezo", kwa hiyo humo kuna polikaboneti yenye BPA na kuna plastiki ya Tritan isiyo na BPA, namba ile ile. Polikaboneti inaangaza kama kioo, ni ngumu, ukiibana haibonyei, ukiigonga kwa kucha inalia. Wakati mwingine huandikwa PC kando ya pembetatu. Kama ni namba 7 na mtengenezaji hajataja jina la plastiki yake, ichukulie kuwa polikaboneti.

BPA, yaani bisfenoli A, ndiyo tofali la kujengea polikaboneti. Mwilini inajifanya estrojeni, homoni ya kike. Mwaka 2009 watafiti wa Harvard waliwanywesha wanafunzi vinywaji baridi kutoka chupa za polikaboneti kwa wiki moja, na BPA kwenye mkojo wao ikapanda kwa asilimia 69. Hapo hakuna maji ya moto. Mwaka mmoja kabla, Chuo Kikuu cha Cincinnati kilionyesha kuwa maji yanayochemka yanaitoa BPA kwa kasi ya mara 15 hadi 55 kuliko ya maji ya baridi. Umoja wa Ulaya uliifuta kwenye chupa za watoto mwaka 2011, Ufaransa ikaifuta kwenye vyombo vyote vya chakula mwaka 2015, na Aprili 2023 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilishusha kiwango kinachovumilika hadi nanogramu 0.2 kwa kilo ya uzito kwa siku, mara 20,000 chini ya kile cha awali.

Sasa kuhusu kibandiko: viwanda vingi viliondoa BPA vikaweka BPS au BPF, ndugu zake wa karibu, nazo zinagusa homoni vilevile. "Haina BPA" kwenye plastiki ngumu inayong'aa bila jina la plastiki yenyewe haikupi chochote cha kushika.

---

Dada wa Isevya

Asante mkuu, umefafanua. Naomba kuuliza kuhusu yale machupa makubwa ya dispensa, ya bluu, yanayorudishwa kujazwa. Ofisi nyingi hapa mjini zinayatumia na mengine yamechoka kabisa.

---

Mtemi wa Cheyo

Dada, mengi ya hayo ya bluu ya lita 18.9 ni polikaboneti, namba 7. Siku hizi yapo pia ya PET, namba 1, mepesi zaidi na yanabonyea ukiyasukuma. Tazama kitako kwanza.

Kwa polikaboneti, kinachoharibu ni vitu vitatu: jua, uzee na sabuni kali. Plastiki hii inavunjwa na alikali, kwa hiyo kuosha kwa soda kali au sabuni ya unga yenye nguvu kwenye maji ya moto ni kuifungua BPA itoke. Chupa iliyofunguka utaiona: ukiishika juani ina ukungu mweupe usiofutika, mistari midogo kama nywele shingoni na kwenye kitako, na imepauka. Ukiona hivyo irudishe, omba nyingine. Aliyeileta ana wajibu wa kubadilisha.

Na ile sehemu ya maji ya moto ya dispensa haichemshi ndani ya chupa, inachemsha kwenye tangi dogo la chuma. Kwa hiyo hofu ya "chupa inachemshwa" haipo. Kitu cha kuangalia ni pale chupa ilipowekwa: ikiwa imesimama dirishani jua linaipiga kuanzia saa nne, isogezeni. Mwanga huo huo ndio unaoleta ukijani ndani.

---

Mrina wa Sikonge

Mkuu umeligusa swali la "kilibeba nini" ukapita. Naomba niliseme lote, kwa sababu mkoa huu unalima tumbaku kuanzia Urambo, Kaliua, Sikonge hadi Uyui, na hapo ndipo watu wanapoumia kweli.

Vidumu vya dawa za shambani, vya lita 1 na lita 5, ni vizuri kwa macho: vigumu, vina mfuniko imara, vina mkono. Chini vimeandikwa 2, HDPE, sawasawa na kidumu cha mafuta ya kula. Mtu anaosha kwa sabuni na mchanga, harufu inapungua, anampa mtoto maji ya shule. Namba ni ile ile lakini chombo si kile kile. HDPE inanyonya viuatilifu na vimumunyisho vyake ndani ya ukuta wa plastiki. Unachoosha ni uso. Kilichoingia kinarudi taratibu kwenye maji utakayoweka, wiki hadi wiki. Juu ya hapo, baadhi ya vidumu vya viuatilifu hupitishwa kwenye gesi ya florini kiwandani ili visivuje harufu, na mwaka 2021 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilithibitisha kuwa matibabu hayo yanazaa PFAS, kemikali zisizooza, ambazo zinahamia kwenye kilichomo.

Kusuuza mara tatu kupo, lakini ni kwa ajili ya kukitupa. Mara dawa inapoisha, acha kidumu kichuruzike kwenye bomba la kunyunyizia, jaza maji robo, funga, tikisa sekunde 30, mimina kwenye bomba hilo hilo ukanyunyizie shambani. Rudia mpaka mara tatu. Kisha kitoboe kitako kwa msumari mnene au panga. Kidumu kilichotobolewa hakuna atakayekiokota akakifanya cha togwa. Hatua ya kutoboa ndiyo watu wanairuka kwa sababu inauma kuharibu kitu kizima. Toboeni, jamani.

Vivyo hivyo kwa dumu la mafuta ya taa, petroli au dizeli. Plastiki inayanyonya zaidi ya viuatilifu. Halirudi kuwa la maji hata ulilaze na majivu mwezi mzima.

---

Kibirizi Kwetu

Mrina umesema kweli. Huku ziwani mitumbwi ya injini inabeba dumu la petroli na dumu la maji ya kunywa kwenye sehemu moja, yote ya njano, yote lita 20. Usiku yanabadilishana. Dawa yake ni rahisi: la maji liwe la rangi nyingine kabisa, au lifungwe kamba nene mkononi, utaitambua kwa kupapasa gizani. Maandishi ya kalamu hayasaidii, yanafutika kwa maji na mafuta.

Nami nauliza la mawese. Kwetu yanauzwa kwenye chupa za maji zilizotumika. Je, kuna shida?

---

Fundi Rangi ya Chungwa

Kaka Kibirizi, mawese yenyewe kwenye PET au HDPE safi hayana shida yakishapoa. Mafuta ya kula ya kiwandani nayo yanauzwa kwenye PET. Shida ni mambo mawili.

La kwanza ni kumimina yakiwa ya moto kutoka jikoni. Mafuta yanahifadhi joto kuliko unavyodhani: juu yametulia, katikati bado ni zaidi ya nyuzi 80. Mafuta ya moto yanavuta kemikali kutoka kwenye plastiki kwa nguvu kuliko maji ya moto, kwa sababu kemikali nyingi za plastiki zinayeyuka kwenye mafuta. Chupa itakuambia yenyewe. Tazama kitako chake, zile nundu tano zikiwa zimezama au chupa imesimama upande, mafuta yaliingia ya moto. Mnunuzi akiliona hilo aiache. Muuzaji aache mafuta kwenye sufuria au pipa la stenlesi mpaka aweze kuweka kiganja nje ya chombo bila kukitoa, ndipo amimine.

La pili ni chupa iliyotumika. Shingo ya chupa ya maji ni nyembamba, brashi haiingii. Tone la maji likibaki ndani mafuta yanachacha mapema. Ukilazimika, ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, isuuze, igeuze kichwa chini juu ya uzi au waya mpaka ndani hakuna hata ukungu wa mvuke. Na weka mawese gizani, mwanga unaila ile rangi nyekundu, ambayo ndiyo asili ya vitamini A.

---

Mrina wa Sikonge

Niongeze asali maana ni jirani ya hilo. Asali ni kali kidogo, pH yake mara nyingi iko karibu na 4. Ukiiweka kwenye ndoo ya bati lililopakwa zinki au debe lenye kutu inakula chuma na kubadilika rangi na ladha. Ndoo ya HDPE mpya ya chakula au chupa ya kioo ni sawa. Ndoo iliyokuwa na rangi ya kupaka nyumba si sawa, hata iwe imeng'aa vipi. Na chupa ya soda isiyokauka ndani inaiongezea asali maji. Yakizidi asilimia 20 inachacha, kifuniko kinavimba.

---

Mwana Ujiji

Tumesikia ya plastiki. Kwa mwenye uwezo kidogo, stenlesi ipi ya kweli? Sokoni zote zinang'aa na zote zimeandikwa "304".

---

Mtemi wa Cheyo

Mkuu, maandishi yanachongwa na yeyote. 304 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, ndiyo maana nyingine huandikwa 18/8. Ya bei chini mara nyingi ni 201, iliyopunguzwa nikeli na kuongezwa manganizi. 201 inashika kutu haraka ikikutana na chumvi na uchachu. Zipo pia za 430, zisizo na nikeli.

Sumaku inasaidia nusu. Ikinasa kwa nguvu tumboni mwa chupa, hiyo ni 430 au chuma cha kawaida kilichopakwa. Isiponasa, inaweza kuwa 304 na inaweza kuwa 201, sumaku haitofautishi hizo mbili. Na ikinasa kidogo shingoni tu usiogope, chuma kilichokunjwa baridi hupata usumaku kidogo.

Jaribio la nyumbani: kamua ndimu moja, changanya na kijiko cha chai cha chumvi, mimina ndani ufunike kitako, uache usiku mmoja chupa ikiwa imesimama. Asubuhi mwaga, suuza, chungulia kwa tochi. Stenlesi nzuri itabaki kama ilivyo. Ukiona vidoa vya kahawia, hasa kwenye mshono wa kitako, au ukisikia ladha ya msumari, hiyo itumie kwa maji matupu tu, si juisi wala chai ya ndimu.

Kabla ya kulipa fanya haya: ingiza kidole ndani ya shingo upapase kama pana ukingo mkali au mabaki ya kuchomelea. Nusa. Fungua kifuniko uone sehemu inayogusa kinywaji ni ya nini, maana watu wananunua chupa ya stenlesi halafu chai inagonga plastiki ya kifuniko njia nzima. Kifuniko cha PP, namba 5, ni sawa. Ila usiijaze chupa ya chai ya moto mpaka iguse kifuniko, acha vidole viwili.

Chupa za alumini ni habari nyingine. Alumini inashambuliwa na uchachu, kwa hiyo lazima ipakwe utando ndani, na utando wenyewe mara nyingi umekuwa wa epoksi, ambayo inatokana na BPA. Ukichungulia ukaona ndani kuna rangi ya dhahabu au nyeupe badala ya chuma chenyewe, huo ndio utando. Ukibanduka, chupa imekwisha. Mimi nisingeichukua wakati stenlesi ya ukuta mmoja ipo.

---

Fundi Rangi ya Chungwa

Kwa chupa za chai za stenlesi zenye kuta mbili, kuna jambo watu hawalijui. Hewa ikishanyonywa katikati ya kuta, tundu la chini huzibwa, na kwa baadhi ya watengenezaji kizibo hicho kina madini ya risasi. Mwaka 2024 kampuni ya Stanley ya Marekani ilieleza wazi kuwa kizibo chake kina risasi, kimefunikwa na kipande cha stenlesi kitakoni. Kinywaji hakikigusi. Lakini kile kifuniko cha kitako kikibanduka na ukaona nukta ya kijivu katikati, usiiguseguse, usimpe mtoto achezee, usiigundishe kwa gundi na kuendelea. Iache.

Kupima kama ombwe lipo: suuza kwa maji ya moto, jaza maji yanayochemka, funga, subiri dakika 10, pitisha kiganja pande zote. Pakiwa na joto mahali popote chini ya shingo, kuta zimevuja na chai haitafika mchana.

Zile za zamani zenye kioo ndani ni salama kabisa upande wa kemikali. Hatari yake ni kioo kupasuka. Itikise bila kitu: ukisikia mchakacho wa vigae, usichuje chai kwa kitambaa ukanywa, tupa kioo ununue kingine.

Kitu kingine, usifungie togwa, mtindi au juisi ya kuchacha ndani ya chupa hizi. Gesi haina pa kutokea, kifuniko kinaruka usoni. Na maziwa au uji wa mtoto usikae humo zaidi ya saa 2, vuguvugu ndilo joto wadudu wanalolitaka.

---

Nesi wa Gungu

Habari za humu. Nijibu la watoto ambalo mwanzisha uzi aliliacha.

Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College, Dublin, walionyesha kuwa chupa za watoto za PP, zisizo na BPA, zinatoa hadi chembe ndogo za plastiki milioni 16 kwa lita maziwa ya unga yanapotengenezwa ndani yake kwa maji ya moto na kutikiswa. Madhara ya chembe hizo kwa mtoto bado yanachunguzwa, lakini njia ya kuzipunguza ipo na haina gharama.

Shirika la Afya Duniani linataka maziwa ya unga yachanganywe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, ili kuua vijidudu vilivyomo kwenye unga wenyewe. Kwa hiyo usiyapoze maji kwanza kwa kuogopa plastiki. Badilisha chombo. Chemsha maji kwenye sufuria au birika la chuma. Changanya kwenye jagi la kioo au bakuli la stenlesi lililochemshwa, ndani ya dakika 30 tangu maji yatoke motoni. Koroga kwa kijiko cha chuma. Poza kwa kuweka bakuli ndani ya maji ya baridi. Yakifika joto la kiganja ndipo uyahamishe. Chupa yenyewe baada ya kuchemshwa isuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwenye chuma na kupoa.

Na kikombe cha wazi cha stenlesi kinaosheka kuliko chupa yoyote. Mtoto mchanga anaweza kunyweshwa kwa kikombe kidogo, hata hospitali wanafundisha hivyo. Chuchu na kona za chupa ndizo zinazobeba kuhara. Kwa mama anayenyonyesha, miezi 6 ya kwanza hahitaji chombo chochote kati ya hivi.

Sahani na vikombe vizito vya melamini, plastiki ngumu, vyenye maua navyo: taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, inashauri visiwekewe kitu kinachozidi nyuzi 70. Uji wa moto unazidi hapo, kwa hiyo tumia bakuli la chuma au la udongo.

---

Dada wa Isevya

Nimesikia maji ya chupa yakigandishwa kwenye friji yanatoa dioksini. Na yakianikwa juani yanatoa saratani. Huku watu wanaogopa hata ule utaratibu wa kuanika maji yaue vijidudu.

---

Nesi wa Gungu

Dada, dioksini haimo kwenye PET, na baridi haiizalishi. Baridi kwa kweli inapunguza mwendo wa kemikali kutoka. Dioksini inazaliwa plastiki inapoungua, hasa PVC. Kwa hiyo mahali pa kuiogopa ni pale mtu anapowashia jiko la mkaa kwa kipande cha dumu au mfuko, sufuria ikiwa juu na mtoto mgongoni. Hapo acheni kabisa, tumieni vijiti au maganda ya mahindi makavu.

Kuanika maji ni njia iliyochunguzwa na taasisi ya Eawag ya Uswisi, na inatumia PET kwa makusudi kwa sababu inapitisha miale inayoua vijidudu. Chupa iwe namba 1, isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, kibandiko kimetolewa, haina mikwaruzo mingi. Maji yawe maangavu: simamisha chupa juu ya gazeti, tazama kupitia mdomoni, kichwa cha habari kisomeke. Kisiposomeka, chuja kwanza. Laza chupa juu ya bati saa 6 kukiwa na jua, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu zaidi ya nusu. Mvua ikinyesha siku nzima njia hii haifanyi kazi, chemsha. Kemikali zilizopimwa humo zimekutwa chini ya viwango vya maji ya kunywa.

Kigoma tunajua kipindupindu kinavyopita mwaloni. Mtu asije akatupa dumu lake la HDPE kwa hofu ya kemikali, halafu akachota maji kwa sufuria wazi inayotumbukizwa vikombe na watu sita. Chombo chenye mdomo mwembamba na bomba kinalinda kuliko hicho cha chuma kilicho wazi.

---

Kibirizi Kwetu

Basi tuelekezeni kuosha. Wengi tunatia mchanga na kokoto tunatikisa.

---

Fundi Rangi ya Chungwa

Mchanga unachana plastiki ndani, na kila mchubuko ni nyumba ya utelezi ule wa kijani. Mwezi ujao linachafuka haraka zaidi. Badala yake tia konzi ya mchele mbichi au maganda ya mayai yaliyopondwa, maji vuguvugu na sabuni ya maji, tikisa dakika 2. Kwa dumu, tumia kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti kirefu chenye ncha butu.

Kuua vijidudu: jiki isiyo na manukato. Kama imeandikwa asilimia 3.5, vijiko vya chai 1 na nusu kwa lita 1 ya maji. Kama ni asilimia 5, kijiko 1. Tikisa iguse kila pahali pamoja na uzi wa mdomo na kifuniko, subiri dakika moja, mwaga, suuza kwa maji salama, anika kichwa chini.

Jiki usiilaze kwenye stenlesi. Klorini inatoboa stenlesi vishimo vidogo kama ncha ya sindano. Kwa stenlesi tumia kijiko cha chakula cha bikabonati na maji ya moto, usiku mmoja, madoa ya chai yanatoka. Chokaa nyeupe ya maji ya kisima inatolewa na siki, sehemu 1 kwa maji sehemu 4, nusu saa. Na jiki na siki zisikutane hata kwenye ndoo ya maji machafu, zinatoa gesi ya klorini inayobana kifua.

---

Mwana Ujiji

La mwisho: ule mpira mweusi au mweupe ndani ya kifuniko, una madoa meusi hayatoki. Nibadilishe chupa nzima?

---

Fundi Rangi ya Chungwa

Hapana shehe. Huo ni ukungu, na unakaa nyuma ya mpira pasipofika sabuni. Uchomoe kwa kijiti cha meno, si kwa kisu, ukikatwa kidogo tu chupa inavuja. Chemsha mpira dakika 5 ukiwa ni wa silikoni. Silikoni ukiikunja na kuiachia inarudi bila alama. Mpira wa kawaida unabaki na mstari mweupe au unanata, huo usiuchemshe. Baada ya hapo, madoa yaliyobaki ndani ya silikoni ni rangi tu, lakini ukiona utelezi unarudi baada ya siku 2 au 3, ubadilishe. Nenda na mpira wa zamani kwa wauza vipuri vya majiko ya gesi na presha kuka, linganisha kipenyo na unene, na uliza wa silikoni ya chakula. Ule mweusi wa mabomba ya maji machafu unaingia vizuri, lakini unanuka ukikutana na chai, usiukubali. Kila ukiosha chupa uutoe mpira uukaushe pembeni, kifuniko kisifungwe kikiwa na unyevu.